JINA LA MSAFIRI LIANDIKWE

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa Kilosa na ofisa mmoja wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, mbele ya watumishi kutoka Unguja na Pemba waliokuwa katika ziara ya kikazi ya Kilosa na Mikumi, pamoja na wenyeji wao. Yanachapishwa kwa faida ya watumishi na wananchi wote wanaosafiri.

Nimetakiwa nizungumze juu ya usalama wa safari. Sheria na kanuni za jambo hili wengi wenu mnazifahamu kuliko mimi. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu nianze mbali kidogo, kwa kuwaeleza juu ya hekalu moja la Japani ambalo nilipata nafasi ya kulizuru nilipokuwa masomoni nchini humo. Watu huliendea hekalu hilo kwa haja moja iliyo mashuhuri kuliko zote, nayo ni kuomba salama ya safari za baharini. Nikishayaeleza hayo nitarejea nyumbani, kwani huko ndiko yaliko yanayotuhusu.

Hekalu hilo huitwa Kotohira, na watu wa kawaida hulitaja kwa jina la mazoea, Konpira. Ni la dini ya Shinto, dini ya asili ya Wajapani, na liko katika mkoa wa Kagawa, kisiwani Shikoku, ambacho ni kimojawapo cha visiwa vinne vikubwa vya nchi ile. Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kuwa hekalu hili la bahari haliko pwani. Liko mlimani. Mlima wenyewe huitwa Zozu, maana yake Kichwa cha Tembo. Nalo jina Konpira asili yake ni neno la Kisanskriti, Kumbhira, yaani mamba. Naye ni yule mamba wa mto Ganges aliyehesabiwa na watu wa India ya kale kuwa mlinzi wa maji. Jina hilo lilisafiri pamoja na dini ya Budha hadi Japani, na kwa karne nyingi ibada za Kibudha na za Kishinto zilichanganyika katika mlima huo. Mwaka 1868 serikali ya Mfalme Meiji ilizitenganisha dini hizo mbili, na mahali hapo pakabaki kuwa pa Shinto.

Ndugu zetu wa Mikumi, ambao tembo na mamba ni majirani zao, bila shaka watauliza: mlinzi wa mabaharia anafanya nini juu ya mlima? Jibu lake ni jepesi kwa mtu yeyote aliyepata kushika usukani. Baharia aliye katikati ya maji haiangalii bahari peke yake. Macho yake hutafuta nchi kavu, apate kilima, mti mkubwa au mnara wa kumwonyesha alipo. Mlima Zozu ulionekana kwa mbali na mabaharia wa Bahari ya Ndani ya Seto, nao wakaufanya alama yao. Na kile kilichowaongoza mchana wakakikumbuka pia katika maombi yao ya usiku.

Kutoka chini hadi jumba kuu la hekalu kuna ngazi 785 za mawe. Mwenye kutaka kufika katika hekalu la ndani, lililo juu zaidi, hupanda ngazi 1,368. Wenye maduka ya njiani huwaazima wageni fimbo za kutegemea, na nilijionea wazee wakipanda polepole, wakipumzika, kisha wakiendelea. Zamani, mtu aliyekuwa hawezi kusafiri alimtuma mwenziwe. Wapo hata waliomtuma mbwa, akiwa amefungwa shingoni kifuko chenye sadaka na nauli, na wasafiri wa njia ile wakawa wanamlisha na kumsogeza mbele mpaka afike. Mabaharia nao, merikebu zao zilipopita mbali na mlima, walitupa baharini pipa dogo lenye sadaka na bendera. Aliyeliokota alikuwa na wajibu wa kulipeleka hekaluni au kumkabidhi mwingine anayekwenda huko. Waliamini kuwa baraka ni ya aliyelitupa na ya aliyelifikisha pia.

Kilichonisimamisha kwa muda mrefu zaidi ni ukumbi mmoja ulio wazi, karibu na jumba kuu. Kuta zake zimejaa picha na vibao vya vyombo vya safari: majahazi ya zamani, meli za mizigo, meli za uvuvi na za abiria. Baadhi viliwekwa kuomba usalama, na vingine ni shukrani za watu waliookoka. Imo hata kumbukumbu ya Toyohiro Akiyama, mwandishi wa habari aliyekuwa Mjapani wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1990, kwa kuwa hiyo nayo ni safari. Nilipozitazama picha hizo moja baada ya nyingine niliona kuwa desturi yake ni moja: chombo kina jina lake, na aliyekileta ameandikwa. Hakuna anayekuja pale kuomba kwa ajili ya watu wasiojulikana ni akina nani.

Pana mambo mengine mawili ambayo mgeni anayetazama hekalu peke yake anaweza kuyapita bila kuyaona. La kwanza ni mnara wa taa uliojengwa katika mji ulio chini ya mlima mwaka 1860. Ni wa mbao, una urefu wa mita 27 hivi, na kazi yake ilikuwa kuwamulikia wenye vyombo katika Bahari ya Seto. Watu walewale waliopanda ngazi kuomba salama walichanga fedha zao wakawasha taa.

La pili huonekana siku isiyo na ukungu, mtu akisimama mbele ya jumba kuu na kutazama kaskazini. Ng'ambo ya tambarare yaonekana madaraja makubwa ya Seto, yanayobeba barabara na reli juu ya bahari. Tarehe 11 Mei 1955, katika maji hayo, meli ya abiria iitwayo Shiun Maru iligongana na meli nyingine ndani ya ukungu. Walikufa watu 168, na 100 kati yao walikuwa wanafunzi waliokuwa katika safari ya shule. Miezi michache kabla yake, tarehe 26 Septemba 1954, meli ya Toya Maru ilikuwa imezama katika kimbunga kaskazini mwa nchi, na watu zaidi ya 1,100 wakapotea. Baada ya misiba hiyo miwili wananchi walidai njia nyingine. Mwaka 1988 njia ya reli ya chini ya bahari, yenye urefu wa karibu kilomita 54, ilifunguliwa kule kaskazini mwezi Machi, na madaraja ya Seto yakafunguliwa mwezi Aprili. Ilichukua zaidi ya miaka 30. Watu hawakuacha kupanda ngazi za Konpira, wala hawakusema kwamba ngazi hizo zinatosha.

Ndugu Mwenyekiti,

Sikuyaeleza haya ili kumshawishi mtu afuate ibada za watu wengine. Kila mmoja wetu ana dini yake, na sisi wenyewe si wageni wa kuomba salama ya safari. Visiwani, jahazi jipya lilipokuwa linashuliwa watu walikusanyika, kikasomwa kisomo, mnyama akachinjwa, na ndipo kamba zikavutwa. Wako manahodha waliokuwa na desturi ya kusoma Hizbul Bahri, uradi wa bahari wa Imamu Abul Hasan Shadhili, aliyefariki Misri mwaka 1258. Na tarika yake iliingia Ngazija na Unguja ikapata wafuasi wengi. Waislamu wanapopanda chombo huikumbuka dua ya Nabii Nuhu iliyomo katika Sura ya Hud. Wakristo nao huombea safari zao makanisani. Huko Kaole, karibu na Bagamoyo, watu wamekuwa wakilizuru kaburi la Sharifa kuomba baraka. Na Mbaraki, mjini Mombasa, penye mnara wa kale wa mawe, wako waliokuwa wakipeleka ubani na marashi.

Bagamoyo naitaja kwa sababu inatuunganisha na Kilosa. Misafara ya karne ya 19 ilivuka kutoka Unguja, ikashuka Bagamoyo, ikapita Usagara na bonde la Mkondoa kuelekea Mpwapwa na Ujiji. Ilipita pembe za ndovu, wakapita na watu waliofungwa minyororo. Wazee wa Ukaguru na Usagara walikuwa na matambiko yao kwenye makaburi ya mababu. Aliyetoka bara kwenda pwani aliombewa, na aliyetoka pwani kuja bara aliombewa vilevile. Reli ya Kati ilipojengwa na Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilipita katika bonde hilihili la Mkondoa. Mwaka 1960 likafunguliwa tawi la reli kutoka Kilosa hadi Mikumi, ambalo baadaye liliendelezwa hadi Kidatu. Kwa hiyo, mtu asiseme kuwa habari za bahari hazimhusu mkaazi wa Kilosa kwa sababu yuko mbali na pwani kwa yapata kilomita 280 za reli. Anayepanda treni hapa leo aweza kuwa anapanda meli kesho.

Sasa nije katika jambo lililonifanya niombe kusema.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Mpaka leo, mtu anayetaka kujua ni wangapi waliokufa hupewa makadirio, tena yanayotofautiana kwa mamia.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyotoka bandari ya Malindi kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Iliruhusiwa kubeba watu wapatao 600. Awali zilitajwa maiti zaidi ya 200. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake ilieleza kuwa waliokuwemo walizidi 2,000, na kwamba waliopotea walizidi 1,000. Tofauti hiyo ilipatikana kwa kuwahesabu watu ambao hawakurudi. Kwa maneno mengine, majina ambayo yangeandikwa bandarini kwa kalamu yaliandikwa baadaye msibani, kwa ushahidi wa wafiwa.

Tarehe 18 Julai 2012, katika majira ya kusi, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika Ziwa Victoria. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228.

Nchi kavu nayo ina misiba yake. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa imetoka Dar es Salaam na kupita katika njia hii ya Kilosa ilirudi nyuma kwa kasi kwenye mteremko wa Igandu, mkoani Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa tuta, ukawaacha maelfu ya wakaazi wa Kilosa bila ya makaazi na kuikata reli kwa miezi kadhaa. Hayo wenyeji wetu wanayajua kuliko mimi, na wengine mlikuwa ndani ya maji.

Tumezoea kusema kuwa ajali haina kinga. Msemo huo una faraja yake kwa mfiwa, na mahali pake ni matangani. Hauna mahali katika ofisi ya bandari, katika chumba cha stesheni, wala katika kiti cha dereva. Huko msemo wetu ni tahadhari kabla ya hatari. Wanazuoni wetu nao wametufunza kuwa ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akatawakali.

Wenzangu mliosafiri nami mtakumbuka tulivyoelezwa jana habari za Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hiyo, iliyopewa jina la miti ya mikumi, ilianzishwa mwaka 1964, na ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata kwa kiasi cha kilomita 50. Mmeona matuta, mmeona alama za kupunguza mwendo, na mmeelezwa kuwa kila mnyama anayegongwa ana faini yake iliyoandikwa: twiga yake, tembo yake, nyati yake. Ni utaratibu mzuri, na naupongeza. Lakini nilipousikia nilijiuliza swali ambalo nawaachia nanyi. Ikiwa twiga wa Mikumi ana mahali alipoandikwa, inakuwaje mama aliyepanda meli na mtoto wake mgongoni asiwe na mahali alipoandikwa?

Hivyo basi, ndugu zangu, maoni yangu ni kuwa orodha ya abiria si karatasi ya ofisi tu. Ni sawa na vile vibao nilivyoviona katika ukumbi wa Konpira. Ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyejua kuwa fulani amesafiri, na kwamba anangojewa. Orodha iliyo kamili humzuia nahodha asizidishe watu, kwa sababu jina la 601 litaonekana. Huwaongoza waokoaji wajue wamtafute nani. Na ikiwa Mungu amekadiria msiba, humpa mfiwa jambo la mwisho analostahili, nalo ni uhakika. Ziko familia, Unguja na Pemba, ambazo hazikupata maiti ya kuzika wala jina la kusoma katika orodha.

Yako maendeleo ya kushukuriwa. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na ukaguzi wa vyombo ni sehemu ya kazi zake. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za upepo na mawimbi kila siku. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, inayopita hapa Kilosa, ilizinduliwa rasmi Agosti 2024, na tiketi zake hubeba jina la abiria. Lakini jina lililo katika tiketi lina faida pale tu linapolingana na mtu aliyekaa katika kiti. Tiketi ya mtu mmoja ikitumiwa na mwingine, au abiria akipandishwa njiani kwa kupeana mkono na kondakta, tumerejea tulikotoka.

Kwa hiyo naomba nimalizie kwa kuwasihi mambo matatu.

Kwanza, mtumishi mwenye dhamana ya kuandika abiria aandike wote, pamoja na mtoto mchanga anayepakatwa, na pamoja na ndugu yake mwenyewe aliyempitisha kwa hisani. Hisani ya kumwacha mtu nje ya orodha ni hisani inayoweza kumpoteza mara mbili.

Pili, mwananchi aseme jina lake la kweli, asinunue tiketi ya mtu mwingine, na akiona chombo kimejaa asipande. Kungoja chombo cha kesho ni udhia wa siku moja. Nasi watumishi tusimkasirikie abiria anayeuliza maboya ya kujiokolea yako wapi, bali tumwonyeshe.

Tatu, mwenye mamlaka ya kuzuia safari aizuie. Najua uzito wake. Abiria hupiga kelele, mwenye chombo hulalamika kuwa anapata hasara, na simu hupigwa kutoka kwa wakubwa. Lakini aliyezuia safari siku ya upepo mkali hatojua kamwe ni watu wangapi aliowaokoa, na hakuna atakayemshukuru. Hiyo ndiyo ibada yake. Lile pipa la mabaharia wa Japani lilifika mlimani kwa sababu kila aliyelishika alilipeleka mbele kwa uaminifu, bila ya kumjua aliyelitupa. Abiria naye ni amana ya namna hiyo. Hutoka mkononi mwa karani akaingia mkononi mwa nahodha, kisha wa dereva wa treni, kisha wa dereva wa basi anayepita usiku katika mbuga ya Mikumi. Ikitokea mkono mmoja tu ukalegea, hafiki.

Kesho asubuhi tutaanza safari ya kurudi. Tutaomba dua, kila mtu kwa dini yake, na ni vyema tuombe. Kabla ya kuondoka, karani wa msafara atapita na daftari. Naomba kila mmoja atoe jina lake kamili, na jina la mtu wa kupewa habari nyumbani.

Mungu awafikishe salama wasafiri wote, wa bahari na wa nchi kavu.

Tangazo: Watumishi wote wanaosafiri kikazi wanakumbushwa kuacha katika ofisi zao majina kamili ya wasafiri, chombo watakachopanda na siku ya kurejea. Wananchi wanaombwa kufanya vivyo hivyo kwa jamaa zao, na kusikiliza taarifa za hali ya hewa kabla ya kusafiri.